Kupima mvua ya nyumbani kwako na kuisoma kwa takwimu

Kila mwaka, ifikapo mwisho wa Mei, huku Tanga watu huulizana barazani kama masika ya mwaka huu yalikuwa makubwa kuliko ya mwaka jana, na kila mtu hujibu kwa kumbukumbu yake. Mmoja hukumbuka usiku ambao maji yaliingia hadi chini ya kitanda, mwingine hukumbuka wiki tatu za jua kali wakati mahindi yake yanatoa mbelewele, na wote wawili huwa wanasema kweli kuhusu msimu uleule. Nilianza kupima mvua uani kwangu kwa sababu ya mabishano ya aina hii, na jambo kubwa nililojifunza ni kwamba msimu wa mvua haukai ndani ya namba moja. Jumla husema jambo moja, wastani husema jingine, na grafu iliyochorwa vizuri huonyesha yale ambayo namba zote mbili zimeyaficha. Mwongozo huu unaeleza kazi yote, kuanzia chupa hadi grafu. Anayependa kufuatilia uniti za umeme wa LUKU, mbio zake za asubuhi au mayai ya kuku wake anaweza kufuata hatua hizihizi, lakini mimi nitabaki kwenye mvua, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea.

Kabla ya kununua au kutengeneza chochote, andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari swali unalotaka mvua ikujibu, kwa sababu swali ndilo linaloamua upime nini na kwa muda gani. Anayetaka kujua kama bati lake linaweza kujaza tangi la lita 2,000 anahitaji kiasi cha kila mvua. Anayelima mahindi nyuma ya nyumba anahitaji zaidi kujua ni siku ngapi kavu zilizofuatana. Anayetaka kuhakiki imani ya wazee kuhusu mawingu ya asubuhi anahitaji safu moja ya ziada ya kuandika alichokiona angani kabla mvua haijanyesha. Swali lisiloandikwa mwanzoni hubadilika kimyakimya kadiri namba zinavyoingia, na mwishowe mtu hujikuta analichagua jibu kwanza, kisha analitafutia swali.

Chombo na mahali pa kukiweka

Upimaji wa mvua ni kazi ya kale, na watu wa kawaida wamekuwa na nafasi yao ndani yake. Korea ilikuwa na vyombo vya kupimia mvua vya kipimo kimoja tangu miaka ya 1440, wakati wa mfalme Sejong. Uingereza, George James Symons alianza mwaka 1860 kukusanya vipimo vya watu waliopima mvua bustanini kwao, na alipofariki mwaka 1900 wapimaji hao walikuwa zaidi ya 3,000.

Mvua hupimwa kwa milimita, yaani kina cha maji ambayo yangesimama juu ya ardhi tambarare kama hakuna tone ambalo lingezama, kutiririka au kukauka. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na usawa huu ni wa kuukariri, kwa kuwa unazigeuza namba za daftari kuwa ndoo za maji. Bati lenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 10 likipata mvua ya milimita 25 limepokea lita 2,000. Ukiondoa yanayoruka, yanayovuja kwenye mifereji na yanayokauka juu ya bati, ni busara kutarajia lita 1,600 hivi tangini.

Watu wengi hushauriwa kukata chupa ya maji, kugeuza sehemu ya juu iwe faneli, na kusoma kina kwa rula ubavuni. Njia hiyo ni rahisi, ila chupa nyingi zina mikunjo na kitako kilichobonyea, kwa hiyo mvua ndogo husomwa vibaya. Napendelea kupima ujazo. Chukua faneli ya plastiki, pima kipenyo cha mdomo wake, na utafute eneo la mdomo huo kwa kuzidisha nusu kipenyo kwa nusu kipenyo, kisha kwa 3.14. Iweke faneli juu ya dumu safi, na kila asubuhi pima maji yaliyomo kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe. Gawanya mililita ulizopata kwa eneo la mdomo katika sentimita za mraba, zidisha kwa 10, nawe umepata milimita za mvua. Faneli yenye kipenyo cha sentimita 11.3 ina eneo la takriban sentimita za mraba 100, hivyo kila mililita 10 ni milimita moja. Yenye kipenyo cha sentimita 16 ina eneo la takriban 201, hivyo kila mililita 20 ni milimita moja.

Ukubwa wa dumu unahitaji kufikiriwa mapema. Faneli hiyo ya sentimita 16 juu ya chupa ya lita moja na nusu itafurika mvua ikifika milimita 75 hivi, na siku chombo kinapofurika ndiyo siku uliyoihitaji kuliko zote. Dumu la lita 5 litakufikisha karibu milimita 250. Lifunike kwa kitambaa cheupe au lizike nusu ardhini ili jua lisiyakaushe maji kabla hujayapima, na uifunge faneli vizuri isipeperushwe na upepo.

Kuhusu mahali, kanuni ya kufuata ni kwamba umbali kutoka kwenye mti au ukuta wowote uwe angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho: mnazi wa mita 10 unataka umbali wa mita 20. Nyua nyingi za mjini hazina nafasi hiyo. Ukikosa, chagua pahali pa wazi kuliko pengine, andika kwenye daftari kilichopo karibu na kiko umbali gani, na usikihamishe chombo, kwa kuwa chombo kilichokaa mahali pasipo kamili kwa miaka mitano bado kinakuruhusu kulinganisha mwaka na mwaka, ilhali kinachohamishwa kila msimu hakikuruhusu.

Daftari

Soma chombo kila siku saa tatu asubuhi, wakati ambao vituo vya hali ya hewa Afrika Mashariki pia husoma mvua ya saa 24 zilizopita, ili namba zako ziweze kulinganishwa na zao. Andika tarehe, mililita kama zilivyotoka kwenye bomba, milimita baada ya hesabu, na maelezo mafupi. Usiache kuandika mililita kwa kuwa tayari una milimita: ukigundua baadaye kwamba ulikosea kipenyo cha faneli, mililita ndizo zitakazokuwezesha kusahihisha mwaka mzima kwa dakika chache.

Siku kavu iandikwe 0, na siku ambayo hukupima iachwe wazi au iwekewe kistari. Mwaka wangu wa kwanza niliziacha wazi siku zote zisizo na mvua, kisha nikasafiri kwa siku kumi na moja mwezi Novemba bila kuandika kwamba nimesafiri. Nilipokuja kujumlisha sikuweza kutenganisha siku zilizokuwa kavu na siku ambazo sikuwepo, na ilinibidi niitoe Novemba yote kwenye hesabu. Ukirudi safarini ukakuta maji ya siku tatu yamekusanyika, andika kwamba ni jumla ya siku tatu. Usiyagawanye sawasawa, kwa sababu utakuwa umebuni mvua tatu ndogo ambazo hazikunyesha.

Ukihamishia namba kwenye Excel, Google Sheets au LibreOffice, kila siku iwe na mstari wake mmoja na kila jambo liwe na safu yake. Tarehe ziandikwe kwa kuanzia mwaka, kama 2025-04-03, ili kompyuta isigeuze tarehe 3 Aprili kuwa 4 Machi. Ndani ya kisanduku cha milimita iwekwe namba tupu. Ukiandika “12 mm” programu itaiona kama maneno na kuiruka kimya wakati wa kujumlisha.

Wastani unavyopotosha

Tuseme, kwa ajili ya mazoezi tu, kwamba mwezi wa siku 30 ulikuwa na siku 12 za mvua, na vipimo vyake kwa milimita, vikipangwa kuanzia kidogo, ni 1, 2, 2, 3, 4, 5, 6, 8, 11, 14, 22 na 72. Jumla ni 150. Ukigawanya kwa siku 30, wastani ni milimita 5 kwa siku. Ukigawanya kwa siku 12 za mvua, ni milimita 12.5. Namba zote mbili ni sahihi, na zote mbili zinaeleza siku ambayo karibu haipo. Kati ya siku 12 za mvua, ni tatu tu zilizozidi wastani wa 12.5. Siku moja, ile ya milimita 72, peke yake imebeba asilimia 48 ya mvua ya mwezi mzima.

Hii ndiyo tabia ya mvua zetu: siku nyingi za kidogo na siku chache za kingi. Data yenye umbo hili huuvuta wastani kuelekea kwenye siku chache kubwa. Kwa hiyo, tafuta pia namba ya katikati, ile inayozigawa siku nusu kwa nusu zikipangwa kwa ukubwa, ambayo programu huipata kwa kanuni ya MEDIAN. Katika mfano wetu, siku za mvua zina namba ya katikati ya 5.5, iliyo kati ya 5 na 6, chini ya nusu ya wastani wake. Ukizihesabu siku zote 30, namba ya katikati ni 0, kwa kuwa siku 18 zilikuwa kavu. Nikitakiwa kuueleza mwezi kwa ufupi, hutaja mambo manne: jumla, idadi ya siku zilizofikisha angalau milimita 1, namba ya katikati ya siku hizo, na siku kubwa kuliko zote.

Kuchora

Grafu za nguzo na za mstari za aina tunayoijua leo zilianza kuchapishwa na Mskoti William Playfair mwaka 1786, na hadi sasa karatasi yenye mirabamiraba na penseli zinatosha kuzichora. Anza na nguzo za kila siku: siku zipangwe kwa mlalo, milimita kwa wima, na kila siku iwe na nguzo nyembamba inayoanzia sifuri. Usiunganishe vilele kwa mstari, kwa kuwa mstari kati ya jana na leo humwambia msomaji kwamba mvua ilipungua polepole, ilhali ilinyesha saa moja usiku na ikakatika. Usikate pia chini ya mhimili wa wima ili nguzo zionekane tofauti zaidi, kwa sababu jicho hupima urefu wa nguzo yote, na nguzo iliyokatwa miguu hudanganya.

Grafu ninayoipenda kuliko zote ni ya mvua iliyokusanyika. Siku ya kwanza unaweka kipimo chake. Siku ya pili unaweka jumla ya siku mbili. Siku ya tatu jumla ya tatu, na kuendelea. Kwenye kompyuta, kama milimita ziko safu ya B, basi C2 ni =B2 na C3 ni =C2+B3, kisha unaiburuta kanuni hadi chini. Hapa mstari unafaa, kwa kuwa jumla hairudi nyuma. Pale mstari unapolala ni siku kavu, pale unapopanda kama ngazi ni mvua kubwa, na pale unapopanda kwa mteremko wa upole ni mvua za kulowesha zinazopendwa na wakulima. Weka misimu ya miaka tofauti kwenye karatasi moja, msimu wa mwaka huu kwa rangi nzito na iliyopita kwa kijivu, nawe utaona kwa mara moja jambo ambalo jedwali halilionyeshi: misimu miwili inaweza kufika jumla ileile kwa njia tofauti kabisa, mmoja kwa kupanda taratibu na mwingine kwa kulala mwezi mzima kisha kuruka kwa siku mbili.

Mahali pa kuanzia kukusanya hutegemea ulipo. Huku pwani ya kaskazini, sawa na Kilimanjaro na ukanda wa Ziwa Victoria, kuna vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, hivyo nafungua mstari mpya kila msimu unapoanza. Aliyeko Dodoma, Mbeya au Songea ana msimu mmoja unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuishia Aprili au Mei. Akifuata mwaka wa kalenda atakuwa ameupasua msimu wake katikati na kuunganisha nusu ya msimu mmoja na nusu ya mwingine. Kwake yeye, mwaka wa mvua na uanze Julai, wakati wa ukavu.

Kuhakiki imani

Huku kwetu wapo wanaoamini kwamba mawingu mazito upande wa bahari asubuhi huleta mvua siku hiyo. Imani ya namna hii inaweza kupimwa kwa haki, ila kwa masharti mawili: maana ya “mawingu mazito” iandikwe kabla ya kuanza, na alama iandikwe kabla ya kujua matokeo. Mimi huandika hali ya anga palepale ninaposoma chombo saa tatu asubuhi, na jibu lake ni kipimo cha saa tatu ya kesho. Mvua naihesabu kuwa imenyesha ikifikisha milimita 1.

Baada ya siku 60, panga jedwali la visanduku vinne: mawingu na mvua, mawingu bila mvua, mvua bila mawingu, na bila chochote. Tuseme mawingu yalionekana siku 20, na 14 kati ya hizo zilipata mvua. Hapo wengi husimama na kusema imani imethibitika kwa asilimia 70. Lakini jibu linategemea zile siku 40 zisizo na mawingu. Kama 10 kati yake zilipata mvua, ni asilimia 25, na mawingu yanakueleza jambo la maana. Kama 28 kati yake zilipata mvua, ni asilimia 70 vilevile, na mawingu hayakuelezi lolote: ulikuwa tu katikati ya msimu ambao mvua hunyesha siku nyingi. Kumbukumbu hutunza kisanduku kimoja, kile cha mawingu na mvua, na hii ndiyo sababu imani nyingi hudumu bila kupimwa. Jedwali kama hili linafaa pia kwa utabiri unaousikia redioni.

Miaka michache haisemi mengi

Baada ya misimu mitatu utatamani kusema kwamba mvua zinapungua au zinaongezeka. Fikiria kilichotokea Afrika Mashariki hivi karibuni. Vuli ya 2019 ilikuwa na mvua nyingi mno, bahari ya Hindi ya upande wetu ilipokuwa na joto kuliko upande wa mashariki. Vuli ya 2021 na ya 2022 zilikuwa kavu katika sehemu kubwa ya ukanda. Vuli ya 2023 ikaja na El Niño na mafuriko. Aliyeanza daftari 2019 na kuchora mstari hadi 2021 angesema mvua zinakwisha, na aliyeanza 2021 na kuchora hadi 2023 angesema zinaongezeka, wakati kila mmoja ameandika namba za kweli. Kwa sababu hii wataalamu hutumia kipindi cha miaka 30 kama kigezo cha hali ya kawaida, na kwa sasa ni 1991 hadi 2020. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inaposema mvua za “wastani”, maana yake ni kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Upana huo huwashangaza wengi, nami naona ni wa haki kabisa kwa mtu aliyeona jinsi mvua yake mwenyewe inavyoyumba.

Unachoweza kukisema kwa uhakika baada ya misimu michache ni mambo ya ndani ya msimu, na la maana kuliko yote kwa mkulima ni mfululizo wa siku kavu. Safu moja zaidi inatosha: siku isiyofikisha milimita 1 inaongeza 1 juu ya jana yake, na siku iliyofikisha inarudi 0. Namba kubwa kuliko zote ndani ya msimu ndiyo ukavu mrefu zaidi, na tarehe yake itakuonyesha kama ulikuta mahindi yakichipua au yakitoa mbelewele. Kigezo kimoja kinachotumika sana katika hali ya hewa ya kilimo huhesabu kwamba msimu umeanza pale zinapopatikana angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, bila ukavu wa zaidi ya siku kumi kufuata ndani ya siku 30 zinazofuata. Kijaribu kwenye misimu yako iliyopita, ukilinganisha tarehe kinazotoa na siku ulizopanda kweli.

Ukipata jirani wa mtaa wa pili aliye tayari kupima, chora grafu ya nukta: milimita zako kwa mlalo, zake kwa wima, na kila siku nukta moja, kisha pitisha mstari wa mshazari unaoonyesha usawa. Ukiacha siku zilizokuwa sifuri kwenu nyote wawili, kila nukta inayogusa mhimili ni mvua iliyonyesha kwa mmoja wenu tu. Lakini kabla ya hapo, wekeni vyombo vyote viwili kwenye uwanja mmoja kwa mvua kumi za kwanza, umbali wa mita mbili. Tofauti mtakayoiona wakati huo inatoka kwenye faneli na mikono yenu, na mtaijua ukubwa wake kabla hajakichukua chombo chake kukipeleka kwake.